Ubongo Hausubiri Gari la Lubumbashi

Mhadhara kwa wahudumu wa afya na wakazi wa Kipushi

  

Nimekuja kutetea jambo moja tu. Mgonjwa ambaye ubongo wake uko hatarini, awe ameanguka kifafa, amepooza upande mmoja, amezimia kwa homa au amepasuka kichwa barabarani, hapaswi kuanza kutibiwa Lubumbashi. Anapaswa kuanza kutibiwa hapa, na mtu yule wa kwanza aliyempokea, kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Rufaa ni sehemu ya matibabu, lakini haiwezi kuyatangulia.

Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni kilomita zipatazo 30. Mchana wa kiangazi hiyo ni safari fupi. Usiku wa Januari, mvua ikinyesha, gari likitafutwa na pesa ya mafuta ikichangishwa ndugu kwa ndugu, kilomita hizo hizo hugeuka saa nyingi. Na ubongo hauna subira. Ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote, wala hauna ghala la kuweka akiba ya hewa au sukari. Damu ikikatika kabisa, madhara yasiyorekebika huanza kwa dakika chache. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: dakika hizo ziko mikononi mwa nani? Nitajibu kwa hoja saba.

Hoja ya kwanza: Pima fahamu kabla ya kutafuta jina

Mgonjwa akiletwa amezimia, jina hutolewa mlangoni: amelewa, ni malaria, amerogwa, ana mapepo, ana hasira ya ndoa. Jina likishatamkwa, macho huacha kutazama. Mlevi naye huanguka akapasua kichwa. Mwenye malaria naye huweza kushuka sukari.

Badala ya jina, tuanze na kipimo. Daraja ni nne na kila mtu aliyemo humu anaweza kuzikumbuka: yuko macho, anaitika akiitwa, anaitika akiumizwa kidogo, haitiki kabisa. Madaktari wana kipimo kirefu zaidi, kile cha Glasgow kilichotolewa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15. Lakini mtoto asiyejua kusema hawezi kuulizwa leo ni siku gani. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980, jirani zetu wa Malawi walitupatia kipimo cha Blantyre, kazi ya Molyneux, Taylor na wenzao: alama 0 hadi 5, kwa kuangalia mambo matatu. Je, macho ya mtoto yanafuata uso wa mama? Je, akifinywa anapeleka mkono mahali panapouma? Je, analia kilio cha kawaida? Mtoto mwenye alama 2 au chini yake yuko kwenye koma.

Kipimo kiandikwe pamoja na saa, kisha kirudiwe baada ya nusu saa. Alama moja peke yake haisemi mengi. Alama mbili zinaonyesha mgonjwa anaelekea wapi. Na ndugu waulizwe swali moja lenye thamani kuliko mengine yote: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Tusiulize walimkuta saa ngapi. Mtu aliyekutwa amepooza saa 12 asubuhi huenda alipooza saa 5 usiku, na tofauti hiyo inaweza kuamua matibabu gani bado yanawezekana.

Hoja ya pili: Pumzi na sukari hutangulia kila dawa

Aliyezimia amelala chali anaweza kuuawa na ulimi wake au matapishi yake mwenyewe, ugonjwa uliomzimisha ukiwa bado hata haujajulikana. Mlaze ubavu, safisha kinywa, inua kidevu. Kama kuna hofu ya kuvunjika shingo, aliyeanguka au kugongwa ageuzwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sambamba. Oksijeni ikiwepo, apewe. Asinyweshwe kitu: si maji, si maziwa, si mafuta, si dawa ya miti.

Kisha tone la damu kidoleni. Sukari iliyoshuka huiga kila kitu: huiga ulevi, huiga kifafa, huiga kupooza upande mmoja, huiga wazimu. Mtoto mwenye malaria kali hushuka sukari, na aliyechomwa kwini hushuka zaidi, kwa sababu kwini huchochea insulini. Tiba haina fumbo. Mtoto hupewa serumu ya glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, mshipani. Mtu mzima hupewa mililita 50 za glukosi ya asilimia 50, polepole, katika mshipa mkubwa. Kama mashine ya kupimia imekosa vijiti, na mnajua kwamba hukosa, mpe glukosi yule aliyezimia bila sababu iliyo wazi. Hatari ya kumpa asiyehitaji ni ndogo kuliko ya kumnyima anayehitaji.

Nawaona wauguzi wa mbele wanatazamana. Najua mnachotaka kusema: mambo haya tulifundishwa mwaka wa kwanza. Ni kweli. Ndiyo kwanza huachwa siku chumba kimejaa watu wanaolia.

Hoja ya tatu: Mtukutiko ukifika dakika 5, saa ndiyo daktari

Degedege nyingi za watoto na vifafa vingi vya watu wazima hukoma vyenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Mtukutiko ukipita dakika 5, uwezekano wa kukoma wenyewe hupungua sana, na kila dakika inayoongezeka huufanya mtukutiko uwe mgumu zaidi kuzimwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ndugu nyumbani ni kutazama saa na kumweka ubavu. Kijiko kisiingizwe mdomoni, kinavunja meno na kuziba pumzi. Asishikwe kwa nguvu. Na wale wanaokimbia wakiogopa mate yake, nawaambia mbele ya wachungaji wenu: kifafa hakiambukizwi kwa mate. Anayeachwa peke yake karibu na moto kwa hofu hiyo huungua, na makovu hayo sote tumeyaona.

Kwenye kituo cha afya dawa ya kwanza ni diazepamu. Mtoto ambaye mshipa wake haujapatikana apewe kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo. Dakika za kutafuta mshipa kwenye mkono unaorukaruka ni dakika za kupoteza. Mshipani ni miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo, taratibu. Baada ya dakika 10, kama bado anatukutika, rudia mara moja. Baada ya hapo usirudie tena: dozi ya tatu na ya nne haziongezi faida kubwa, zinaongeza hatari ya kuzima pumzi. Hapo ni zamu ya fenobabitali au dawa nyingine ya daraja la pili, huku mpira na barakoa ya kupulizia hewa vikiwa mkononi.

Kuhusu fenobabitali kuna somo kutoka pwani ya Kenya ambalo kila daktari kijana angepaswa kulijua. Huko Kilifi, watoto 340 wenye malaria ya ubongo waligawanywa: wengine walipewa sindano moja ya miligramu 20 kwa kilo ili kuzuia mitukutiko, wengine hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Mitukutiko ilipungua vizuri, lakini vifo vilikuwa asilimia 18 kwa waliopewa na asilimia 8 kwa wasiopewa, na waliokuwa pia wamepewa diazepamu nyingi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Watafiti waliona chanzo kinachoelekea ni pumzi kusimama. Maana yake ni kwamba dawa ileile inayookoa anayetukutika huweza kumdhuru asiyetukutika, hasa pale ambapo hakuna wa kuhesabu pumzi usiku kucha.

Na mama mjamzito aliyepita wiki 20, au aliyejifungua siku chache zilizopita, akianguka kifafa, tumchukulie ana kifafa cha uzazi mpaka ithibitike vinginevyo. Dawa yake ni salfati ya magnesiamu. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba huzuia kifafa kurudi kuliko diazepamu, kiasi cha kupunguza marudio kwa nusu. Huanza na gramu 4 mshipani polepole na gramu 5 kila tako. Kabla ya kila dozi inayofuata kagua mambo matatu: goti bado linaruka likigongwa, pumzi hazijashuka chini ya 16 kwa dakika, mkojo unatoka. Glukonati ya kalsiamu ikae kando ya kitanda.

Hoja ya nne: Homa na fahamu iliyopotea hutibiwa kwa mikono miwili

Katanga ni nchi ya malaria, na mazoea hayo yana gharama. Kipimo cha haraka kikionyesha mistari miwili, wengi hufunga kitabu. Lakini mtoto wa hapa anaweza kubeba vimelea vya malaria huku kilichomzimisha ni homa ya uti wa mgongo. Kipimo cha malaria kuwa chanya hakifuti uti wa mgongo. Kwa hiyo aliyezimia ana homa atibiwe vyote viwili, tangu saa ya kwanza.

Kwa malaria, artesuneti ya sindano: miligramu 2.4 kwa kilo, au 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20, papo hapo, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha kila siku mpaka aweze kumeza dawa kamili. Utafiti uitwao AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kinshasa ikiwa mojawapo ya vituo. Waliopewa kwini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Kituo kisicho na sindano kinaweza kumpa mtoto wa chini ya miaka 6 artesuneti ya njia ya haja kubwa, lakini hiyo ni ya kumfikisha hospitali tu, haimtoshi kubaki nayo nyumbani.

Kwa uti wa mgongo, seftriaksoni: miligramu 100 kwa kilo kwa mtoto, gramu 2 kwa mtu mzima. Kuchomwa mgongo ili kuchukua maji ya uti ni jambo jema, lakini dawa isiwekwe foleni kuyasubiri. Tena mtoto mchanga mara nyingi haonyeshi shingo ngumu. Huonyesha utosi uliovimba, kukataa ziwa, na kilio chembamba.

Atakayeniambia kwamba uti wa mgongo ni ugonjwa wa Sahel, nitampeleka Banalia, mkoani Tshopo. Mlipuko ulipotangazwa huko Septemba 2021, walikuwa wamehesabiwa washukiwa 261 na vifo 129, karibu nusu. Wengi walikuwa wamefia vijijini kabla ugonjwa haujatambuliwa. Na kwa mtu mzima anayeishi na virusi vya UKIMWI, kichwa kinachouma wiki nzima au zaidi kikiongezeka kila siku kiamshe shaka ya fangasi ya uti wa mgongo. Tone la damu kwenye kijiti cha kupimia linaweza kuitambua.

Hoja ya tano: Bila skana bado kuna kazi ya kufanya, na kuna kazi ya kuacha

Uso umepinda, mkono unaanguka ukiinuliwa, maneno yanatatizika: hicho ni kiharusi. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hufaa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya skana kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kwa wengi wetu skana ni jambo la Lubumbashi, na ina bei yake. Je, tukae tukitazama?

La. Pima sukari. Mkalishe, mpe kijiko kimoja cha maji, tazama kama anakohoa au sauti inalowa. Akikohoa, asile wala kunywa, maana nimonia ya chakula kilichopotea njia huua wengi walionusurika kiharusi chenyewe. Mgeuze kila saa mbili. Shusha homa.

Kisha yapo ya kuacha. Shinikizo la damu, tansio yetu ya kila siku, huwa juu baada ya kiharusi kwa sababu mwili unajaribu kusukuma damu kwenye sehemu yenye njaa. Kutoboa kidonge cha nifedipini na kukidondosha chini ya ulimi ili tansio ianguke mara moja ni kuinyima sehemu hiyo yenye njaa chakula chake cha mwisho. Bila skana, isiguswe mpaka ipite 220 kwa 120, isipokuwa kuna dharura nyingine kama moyo kushindwa au kifafa cha uzazi. Aspirini nayo isubiri skana, kwa kuwa katika nchi zetu viharusi vya mshipa uliopasuka si vichache. Na tusisahau watoto: mtoto mwenye selimundu (SS) anayepooza ghafla ana kiharusi, na anahitaji damu na rufaa siku hiyohiyo.

Kuhusu kichwa kilichoumia, tuna barabara, taksi-moto zisizo na kofia, na vijana wanaoshuka kwenye mashimo ya kuchimba madini. Mjihadhari na yule aliyepigwa kichwa, akaamka, akazungumza, akaomba arudi nyumbani, kisha saa chache baadaye akaanza kusinzia. Mboni moja ikipanuka kuliko nyingine, damu inabana ubongo. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30, oksijeni isikosekane, damu inayotoka izuiwe. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 mshipani kwa dakika 10, ina faida ikitolewa ndani ya saa 3 kwa aliyeumia kwa kiasi. Utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019 ulilionyesha hilo. Baada ya saa 3, acha.

Na miguu ikilegea yote miwili kwa siku chache, mkojo ukiziba, uti wa mgongo unabanwa: peleka haraka. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla aripotiwe siku hiyo, na vichukuliwe vielelezo viwili vya choo ndani ya siku 14, kwa ajili ya polio.

Hoja ya sita: Juni na Julai, uliza kuhusu mbabula

Ninyi mnaijua baridi ya Katanga kuliko mimi. Familia huingiza mbabula, jiko la makala (makaa), chumbani, hufunga mlango na dirisha, hulala. Asubuhi wawili hawaamki, wa tatu anatapika na kichwa kinamgonga. Majirani husema ni sumu ya mchawi, kwa kuwa imepiga nyumba nzima usiku mmoja. Kumbe hiyo ndiyo alama yenyewe ya monoksidi ya kaboni: wengi, nyumba moja, usiku mmoja, bila homa.

Hapa kuna mtego kwa wauguzi. Kile kifaa cha kubana kidoleni kitaonyesha oksijeni 98 wakati mgonjwa anakufa, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Usikiamini. Tiba ni oksijeni nyingi kwa barakoa, saa kadhaa, bila kusita. Na kinga haina gharama: makala yawakie nje, mbabula ibaki nje.

Hoja ya saba: Karatasi ya rufaa ni dawa

Sasa gari limepatikana. Mgonjwa asiondoke anatukutika, asiondoke na sukari isiyopimwa, asiondoke kabla ya dozi ya kwanza ya artesuneti na seftriaksoni kama ana homa. Apande na mtu anayejua kulaza ubavu na kupuliza hewa. Mkononi awe na karatasi yenye mistari mitano: saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, alama za fahamu mbili na saa zake, sukari, dawa alizopewa pamoja na kiasi na saa, na ukubwa wa mboni. Daktari wa hospitali ya Sendwe au wa Kliniki za Chuo Kikuu kule Lubumbashi akipokea karatasi hiyo ataendelea mlipoishia. Asipoipokea, ataanza upya, na atarudia diazepamu mliyokwisha kuitoa.

Wachungaji, nanyi nawaomba. Sala haigombani na safari. Ombeni ndani ya gari.

Tunakoelekea

Mambo niliyotaja hayadai jengo jipya. Yanadai mashine ya sukari yenye vijiti, oksijeni, mpira wa kupulizia, diazepamu, magnesiamu, artesuneti na seftriaksoni zisizoisha, na saa ya ukutani inayokwenda. Je, zitatoka wapi? Mgodi wenu, uliofunguliwa miaka ya 1920 na kulala tangu 1993, ulirudi kutoa zinki mwaka 2024. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Mnapoketi kupanga matumizi ya fungu hilo, baina ya barabara na shule, pawe na mstari wa chumba cha dharura, na anayeusimamia awe muuguzi anayelala zamu humo.

La pili, tufungue daftari. Kila aliyeletwa amezimia, ametukutika au amepooza aandikwe: saa ya dalili, saa ya kufika, saa ya dawa ya kwanza. Kila mwezi daftari lisomwe mezani bila kumtafuta wa kulaumiwa, na tuulize dakika zilipotelea wapi, nyumbani, barabarani au mlangoni petu.

La tatu, shule. Walimu mliopo, mtoto wa darasa la tano anaweza kujifunza kulaza ubavu na kutazama saa kwa somo moja. Mwaka mmoja wa masomo hayo utaweka mtu anayejua la kufanya karibu kila ua wa Kipushi. Nani yuko tayari kuanza na darasa lake muhula ujao? Naona mikono mitatu. Tukutane hapa mbele baada ya maswali, tupange tarehe.

Sasa niulizeni.